Majirani Walisema Hawanijui

Alhamisi, saa kumi na mbili kasoro jioni. Bungu.

Mvua imekatika tangu adhuhuri lakini bati bado linadondosha. Malori ya kusini yanapita na kurusha maji ya matope mpaka kwenye kizingiti changu, na leo sina hata hamu ya kuyatukana. Asubuhi nilikuwa na hasira, mchana nikashikwa na hofu. Sasa hivi nina haya, na haya ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu hainipi hata wa kumlaumu.

Blogu hii ina wasomaji watatu, na nadhani mmoja wao ni mimi mwenyewe nikiifungua kwa simu. Kwa hiyo nitasema yote.

Kwa hao wawili waliobaki: naitwa Zebedayo, mtu wa Kasulu, Kigoma. Nina miaka arobaini na moja, sina mke, sina mtoto. Hapa Bungu nina steshenari. Mbele ni fremu ya kazi, nyuma ni chumba kimoja na ndicho nyumba yangu. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua, nawajazia watu fomu. Mwaka wa sita huu.

Kazi yangu inanifanya niwajue watu kuliko ninavyotaka. Najua walizaliwa lini, mama zao waliitwa nani, wamemwandika nani kuwa mrithi. Kuna mwanamume mmoja hapa kamwandika dada yake na kumwacha mke, na huyo mke akija kununua kalamu za watoto namtazama usoni kama sijui kitu. Nimechapa hata mikataba ya ile mikopo ya riba kubwa, ya kausha damu, iliyomfilisi Mama Shani wa mlango wa kijani mwaka jana. Wadai walikuja na pikipiki, wakaulizia kwake, wakaonyeshwa nyumba. Wakachukua godoro, friji na cherehani mchana kweupe. Nilisikia kelele, nikaongeza sauti ya redio.

Nimesema nitasema yote.

Sasa habari yenyewe. Fremu hii si yangu. Mwenyewe ni Bwana Mshamu, anakaa Nyamisati, anafanya biashara ya boriti. Mwezi uliopita kaja, kanywa soda yangu mpaka tone la mwisho, ndipo akasema anauza. Kuna mtu wa Dar anaitaka aweke duka la vifaa vya ujenzi. Lakini kwa kuwa nimekaa naye vizuri, atanisubiri mimi mpaka msimu wa korosho. Nikipata fedha kabla ya hapo, ni yangu, mbele na nyuma. Nikikosa, niondoke.

Niondoke niende wapi? Hilo sikumwuliza, maana hata yeye asingejua.

Kasulu sina mtu wa kurudia. Kuanza upya mji mwingine, kutundika shuka la bluu la kupigia picha kwenye ukuta mwingine, kuzoea adhana ya msikiti mwingine kuniamsha, hapana. Sijawahi kulisema hili kwa sauti, lakini hapa nataka kukaa. Nataka niwe na mlango ambao hakuna mtu wa kuniambia nitoke.

Kwa hiyo nikaenda Kibiti, kwenye chama cha akiba na mikopo. Utaratibu wao ni kwamba ukipokelewa uanachama sasa hivi, ukaweka akiba bila kukosa, kufikia msimu wa korosho unaruhusiwa kukopa. Kamati ya kupokea wanachama inakaa kesho Ijumaa. Ikishapita hiyo, mpaka baada ya miezi mitatu, na miezi mitatu mimi sina.

Pale mapokezi kuna binti anaitwa Upendo, mpole, ana subira. Alinipa fomu. Mimi mjaza fomu wa Bungu nzima nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikaanza kutoka jasho.

Kidole gumba kilikataa mara nne kwenye ile mashine ya alama. Karatasi zimekula ngozi. Upendo alinipaka mafuta ya mkono, akaniambia nipumue, tukajaribu cha kushoto kikakubali. Mwenzake wa meza ya pili akasoma kitambulisho changu, akauliza Kasulu ya ndani kabisa au ya mpakani. Nikamjibu Kasulu ni Kasulu. Maswali hayo ya kunipima uraia nimeyazoea tangu shule, ila hayaachi kuuma.

Kisha Upendo akaangalia kwenye kompyuta taarifa zangu za mikopo. Akatazama, akatazama tena. Hakuna kitu. Sijawahi kukopa benki, sijawahi kukopa kwenye simu, wala kwenye kikundi. Mimi nilijua hiyo ni sifa. Nilikaa wima kabisa nikisubiri kusifiwa.

"Kaka Zebedayo," akasema, "mtu ambaye hajawahi kukopa popote, sisi tutamjuaje?"

Nikafungua bahasha yangu.

Nikampa barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji, yenye mhuri. Akaisoma akatabasamu kidogo. Akafungua kabati, akanitolea barua nyingine tatu za watu wa Bungu. Zote sawa, neno kwa neno. "Ninamfahamu vyema mwombaji, ni mtu mwadilifu na mchapakazi." Akasema barua za kwetu zote zinafanana hivyo, ndiyo maana siku hizi hawaziamini, wanatuma watu kuuliza majirani. Wanakuja bila taarifa.

Barua hizo zote nimezichapa mimi. Ile yangu pia niliichapa mimi, nikampelekea mtendaji agonge mhuri. Miaka sita nawauzia watu sifa moja ileile kwa bei ya karatasi, na sasa nimeinunua mwenyewe.

Kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya ndugu wa karibu. Zamani nilikuwa naandika mama. Mama alifariki mwaka juzi. Nauli ya kwenda Kasulu niliipata, lakini wangemzika kabla sijafika hata Tabora, kwa hiyo nilibaki. Nilichapa barua za watu mpaka jioni. Hapa Bungu sikumwambia mtu.

Nilichora mstari.

Jumanne wiki hii nilifunga duka nikaenda Kibiti kufuata wino. Na siku hiyohiyo, kumbe, watu wa chama walikuwa huku kwangu. Mwenyekiti wa kitongoji hakuwepo, yuko shambani, kwa hiyo wakauliza majirani.

Jana Jumatano saa nne Upendo akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeleta msiba. Akanisomea taarifa ya maofisa wake: wameulizwa watu watano. Wanne wamesema hawamfahamu mwombaji. Wa tano, mama mtu mzima aliyekuwa anasuka mkeka barazani, amesema mwombaji alihama siku nyingi na hajulikani alikokwenda.

Anayesuka mkeka barazani mkabala na mlango wangu ni mmoja tu. Bi Somoe.

Nilikaa chini pale pale kwenye rimu za karatasi. Mteja alikuwa amesimama anasubiri kopi mbili za cheti cha kuzaliwa, nikamwambia umeme umekatika, na taa inawaka.

Lazima nimweleze Bi Somoe. Ni mjane, makamo ya marehemu mama yangu, ukili wa kusukia mikeka hautoki mkononi. Kila baada ya siku kadhaa ananiletea bakuli. Muhogo wa nazi, kunde, siku nyingine wali na kamba waliotoka huko deltani. Anaweka kwenye kaunta, anasema "Kula, mtu wa bara," anaondoka. Ni bakuli la bati, jeupe, lina maua mekundu yaliyofutika upande mmoja.

Huku pwani chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hata kwetu ni hivyo. Unatia chochote, hata ndizi mbili. Mimi natia sukari, nusu kilo, ya kupimiwa dukani, kila mara nusu kilo. Napeleka, nasema shikamoo, nasema asante, nageuka. Mkeka anaonitandikia nikae sijawahi kuukalia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nalipa. Sikutaka deni la mtu.

Basi jana nikajua kwamba huyo mwanamke niliyekula chakula chake miaka sita ndiye aliyesema nimehama.

Nilipita mbele yake mchana, sikumpa shikamoo. Aliinua uso kutoka kwenye ukili akanisubiri, nikatazama barabara. Jirani yangu mwingine, Kassimu fundi pikipiki, akanipungia spana, nikajifanya nasoma simu. Nilijiambia, hawanijui, vema, na mimi siwajui. Kama ni hivyo, mtu wa Dar na aweke misumari yake hapa, mimi nifungashe.

Jioni nikatazama bakuli lake mezani. Nililiosha. Nikalikausha kwa kitambaa, polepole, najua ninachofanya. Nikalipeleka tupu.

Nilimkabidhi bila neno. Akalichungulia ndani, akanitazama mimi. Alisema "Haya, baba," kwa sauti ndogo, akaingia ndani. Nilirudi kwangu nimeridhika, na kuridhika huko hakukunisubiri hata nivue viatu.

Leo alfajiri nikaenda tena Kibiti, mbio, hata chai sijanywa. Nilitaka kugomba. Upendo hakunipa nafasi. Akasema yeye ananiamini, lakini kamati inasoma karatasi, haimsomi yeye. Akanipa fomu mbili. Nipate majirani wawili, wafike wenyewe na vitambulisho vyao kesho kabla ya saa sita mchana, waseme mbele ya ofisa kwamba wananijua na kwamba ninakaa ninakosema ninakaa. Nikiwakosa, miezi mitatu.

Majirani wawili. Nilitoka nimeshika zile fomu, nikasimama nje ya ofisi nikihesabu kichwani. Najua majina kamili ya nusu ya Bungu, na sikumpata hata mmoja wa kumwomba. Wapo wa kuwalipa. Ningeweza kumpa mtu yeyote elfu tano akaja kusema ananijua vyema, mwadilifu na mchapakazi. Nilifikiria hilo kwa dakika nzima, na sitaki kusema ni kipi kilichonizuia, sidhani kama ni uadilifu.

Nikarudi. Saa nane hivi. Nafungua mlango wa mbele, mashine ya fotokopi haipo.

Haipo! Pale ilipokaa miaka sita pana mraba wa vumbi. Nikakimbilia nyuma. Godoro hakuna. Jiko la gesi hakuna. Redio hakuna. Mlango wa nyuma umeegemezwa vizuri ukutani, bawaba zimefunguliwa na skrubu zimepangwa juu ya kopo, zote sita, kama kwa fundi. Mwizi gani anapanga skrubu? Wakati ule sikujiuliza. Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao.

Kassimu alikuja mbio na mikono ya grisi, akaniziba mdomo. Kweli, aliniziba mdomo na kiganja chenye grisi.

"Nyamaza, kaka Zebe! Utatuharibia!"

Akanivuta kuvuka barabara mpaka kwa Bi Somoe, akanipitisha uani, akanisukuma chumbani. Chumba kilikuwa na giza na harufu ya ukili mkavu. Bi Somoe akafunga mlango, akafunua mikeka iliyorundikwa kitandani na chini ya kitanda. Mashine yangu. Godoro langu limekunjwa, limefungwa kamba. Jiko, redio, mpaka ndoo yangu ya kuogea.

"Vyako hivyo vyote, hesabu," akasema. "Hawavipati hao mbwa."

Nikauliza mbwa gani.

"Hao waliokuja Jumanne. Wawili, pikipiki, faili. Wanakutaja jina mpaka la babu yako. Nikawaambia huyo alihama siku nyingi, sijui hata kaelekea wapi. Uongo mtupu na mimi nimetoka kuswali, Mwenyezi Mungu anisamehe."

Kassimu akadakia. Ati tangu yale ya Mama Shani walikula kiapo. Siku ile Mama Shani anaulizwa, watu kwa adabu zao waliwaonyesha wageni mlango wa kijani, na baadaye wakatazama godoro la mwenzao likipakiwa. Mama Shani alirudi kwao Ruaruke na hajatia mguu tena. Aibu ile ikawakaa. Wakasema hapa, mtu wa faili akija kumuulizia mwenzetu, hatumjui, basi.

"Walinionyesha mpaka picha yako," akasema Kassimu. "Nimeikodolea macho, nikawaambia mimi macho mabovu. Mimi fundi! Mashine yako imeniua mgongo, nakwambia."

Nikauliza mbona mimi sikuambiwa hayo makubaliano.

"Tuliongea barazani," akasema Bi Somoe. "Wewe barazani hukai."

Nilikaa sasa. Nilikaa kitandani kwake, kwenye mikeka, bila kukaribishwa. Nikawaambia wale hawakuwa watu wa kudai. Sidaiwi na mtu. Ni watu wa chama cha akiba, walitaka tu kujua kama nakaa hapa, na sasa kwenye karatasi zao mimi sikai mahali popote, na nisipopata watu wa kunisemea kesho nitapoteza fremu kwa mtu wa Dar.

Walitazamana. Kassimu akakuna kichwa akajipaka grisi mpaka masikioni. Bi Somoe akaketi kwenye kigoda, mkono shavuni.

"Astaghafirullah. Si ungesema?"

Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kiuno, na Kassimu naye, na mimi nikacheka kwa sababu ya kutazama ndoo yangu ya kuogea imefichwa chini ya kitanda cha mjane. Nadhani sijacheka hivyo tangu nifike hapa.

Kicheko kilipokwisha akasema jambo ambalo bado liko kifuani kwangu.

"Mimi shaka yote ilikuja jana, bakuli liliporudi tupu. Nikamwambia Kassimu, huyu mtoto mambo yamemfika shingoni. Mtu ambaye hajakosa kutia sukari hata siku moja, leo kakosa hata ndizi! Na shikamoo haikumtoka, haya zimemjaa. Leo kapita alfajiri anakimbia. Nikasema, Kassimu, kafungue mlango, tuokoe kilichobaki."

Nilitazama chini. Ndipo pa kumwambia, na sikumwambia. Sikumwambia kwamba bakuli nililirudisha tupu ili limuume. Alidhani sina sukari, kumbe nilikuwa nayo, kilo nzima iko pale kabatini.

Hilo nimeliandika hapa na hapa litabaki mpaka nipate ujasiri.

"Na wewe nawe," akaendelea, sasa ananisema kama mwanawe, "miaka sita hujaja kwangu kuomba hata chumvi. Mtu asiyeomba, nani atajua shida yake?"

Maneno hayo nilishayasikia juzijuzi, kwa binti wa Kibiti mwenye mafuta ya mkono.

Tulirudisha vitu. Kassimu alikodi toroli, mashine ikavuka barabara mbele ya Bungu nzima, na kila mtu aliyekuwa hanijui Jumanne alikuja kusaidia kusukuma. Muuza chipsi alishika waya. Mlango wa nyuma ukarudishwa na zile skrubu sita.

Kisha nikakaa na zile fomu mbili kwenye kaunta, kama ninavyokaa na fomu za watu wengine. Ya Kassimu haikuchukua muda. Unamfahamu mwombaji kwa muda gani? Miaka sita. Eleza unavyomfahamu. "Andika ni jirani yangu, hana maneno mengi, akikopeshwa atalipa maana ana roho ya kulipa." Nikaandika hivyo hivyo.

Ikaja ya Bi Somoe. Alileta kitambulisho chake kimefungwa kwenye kitambaa, picha niliyompiga mimi mwenyewe. Nikamsomea swali, eleza unavyomfahamu mwombaji, nikaweka kalamu tayari. Mkono wangu ulishaanza kuandika "ninamfahamu vyema," kwa mazoea.

Akasema nisiandike hiyo, niandike anachosema yeye.

Akasema, huyu hali bamia. Nilimpelekea mara mbili, kala nazi yote kaziacha bamia zimepangwa pembeni. Asubuhi anakohoa mara tatu kabla hajafungua mlango. Jumapili asipokwenda Kibiti kanisani huimba peke yake humo ndani, anafikiri ukuta mzito. Sauti si mbaya. Ile sikukuu yao ya Desemba hafungui duka wala sisikii sufuria ikigonga, ndiyo maana siku ile bakuli nampelekea mapema.

Nilikuwa naandika. Mistari waliyotoa ni mitatu, nilishageuza karatasi.

"Na andika, mwaka juzi alifiwa."

Kalamu ikasimama.

"Hukusema," akaniambia sasa mimi, si fomu. "Lakini hilo dirisha lako hulifungi hata mvua ikinyesha ya mawe. Siku hizo ulilifunga siku tatu. Nikajua huyu kafiwa, na kafiwa na mama, maana baba, mtu humlilia nje. Nikakusomea dua yangu huku nikanyamaza. Nikasema akitaka atasema."

Nililia hapo hapo, mtu mzima, kwenye kaunta, mbele ya bango la bei za kopi. Bi Somoe hakunibembeleza. Alivuta kiti cha wateja akakaa, akatoa ukili wake akaanza kusuka, mpaka nilipomaliza. Akatia kidole gumba kwenye wino, akagonga mwisho wa ukurasa wa pili.

Nikampa kopi ya kitambulisho chake. Akafungua fundo la kanga anitolee hela. Nikamwambia, Bi Somoe, niache nikupe. Akanitazama, akafunga fundo.

Kesho saa mbili tunaondoka wote watatu. Sijui kamati itasemaje. Yawezekana watasema mama aliyetuambia kahama ndiye leo anasema anamjua, huyu shahidi gani? Upendo atakuwa na kazi ya kuwaeleza, na mimi nitakuwa na kazi ya kukaa kimya. Naogopa, sitaki kudanganya. Mtu wa Dar bado yupo na fedha zake ziko taslimu. Inawezekana kufikia korosho nisiwe na fremu hii.

Lakini nimewaza sana tangu alasiri. Kila siku nikifunga duka niliandika humu kwamba hapa nipo peke yangu, hakuna anayenijua. Nimerudi kusoma machapisho ya nyuma, nayaona yamefanana kama zile barua zangu.

Wakati huo wote mtu alikuwa anahesabu kikohozi changu.

Saa kumi na moja kaja tena na bakuli lile lile, safari hii limejaa mpaka juu, wali na samaki. Amesema anayewaza mikopo huwa hali vizuri, basi nile. Nimekula lote. Nimeliosha.

Ndani ya sanduku nina dagaa wa Kigoma, binamu yangu alimpa dereva wa lori mwezi wa tatu akaniletea. Nimekuwa nikiwatafuna kwa kuhesabu, wanne watano, kwa sababu ndio kwetu pekee kulikobaki. Nimewamimina wote kwenye bakuli. Sukari nimeiacha kabatini.

Adhana ya magharibi haijatoka bado, yupo barazani, namwona kutoka hapa nilipokaa. Mkeka wa wageni kautandika upande wake wa kulia kama kila siku. Chumvi ninayo, kopo zima, nilinunua wiki iliyopita.

Nimeshika kikombe kitupu. Nafunga kompyuta, nabeba na bakuli, navuka barabara, naenda kuomba chumvi.